Beseni, Si Kikapu

Pale barabara ndogo inapoufikia ukuta wa nyuma wa jumba la mkoloni, pana benchi la mbao lenye miguu mitatu ya asili na mmoja wa matofali. Jumba limeligeuzia benchi mgongo. Uso wake unatazama barabara kuu, upande wa pili, ambako watu wa benchi hawana shughuli. Kutoka hapa huonekana ukuta mrefu, paa la vigae, na katikati ya ukuta alama ya mlango uliozibwa kwa matofali, rangi yake ikiwa nyeupe kuliko penginepo, kama kovu la kidonda kilichopona vibaya. Mkoloni alipoondoka, jumba lilikuwa ofisi ya kodi, kisha ghala la mbegu, kisha makazi ya popo. Mwaka huu limepakwa chokaa, limefungwa taa na vipaza sauti, limeitwa nyumba ya utamaduni. Kuna picha ukutani, kuna muziki, na kila Jumamosi alasiri kuna masimulizi uani. Watu wa benchi hawajaukanyaga ua huo. Wao hukaa hapa, hunywa kahawa, na kulitafuna kila neno linaloruka ukuta.

Anayekaa mwisho, akitazamana na mlango uliozibwa, ni Pasi. Jina hilo alilipata kwa haki: alikuwa dobi maisha yake yote, kama mama yake kabla yake, na ingawa amestaafu, suruali yake bado ina mstari unaoweza kukata nyanya. Wakili, anayemfuata, hakuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama, na sheria aliyonayo aliiokota mlangoni. Mama Spea huuza vipuri vya baiskeli juu ya turubai kando ya benchi, na ulimi wake hauhitaji grisi. Mwenye birika ni Moto, kwa kuwa ndilo neno analolitangaza akipita.

Baina ya Pasi na Wakili pana nafasi tupu, na juu ya ubao kikombe chenye mdomo uliomeguka, kimefunikwa kichwa chini. Ndiyo sheria ya kijiwe: asiyekuwepo hufunikiwa kikombe, wala hakifunuliwi mpaka mwenyewe arudi. Kikombe hiki ni cha Redio, shemeji yake Pasi, mume wa dada yake. Jumamosi hiyo, kama Jumamosi zote za karibuni, Redio alikuwa ng'ambo ya ukuta, mbele ya kipaza sauti.

— Kaanza, alisema Wakili.

— Bado, alisema Mama Spea. Anakohoa kwanza. Siku hizi hata kikohozi chake kina mashabiki.

Sauti ikakohoa nyuma ya ukuta. Makofi yakaitika.

— Mmesikia? Mimi nikikohoa hapa mtaniambia nizibe mdomo.

— Tutakwambia kweli, alisema Moto.

Pasi aliinamia kikombe chake. Alikuwa akipuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Nina swali moja tu, alisema Wakili, na alivyoinua kidole kila mtu alijua halitakuwa moja. Mji mzima huu, na watu wake na akili zao, kwa nini wamchukue Redio? Mtu ambaye jina lenyewe tulimpa kwa sababu hana mahali pa kumzimia?

— Koti, alisema Mama Spea.

— Koti lipi?

— Lile la harusi ya binti yake. Ndilo anavaa. Watu wa majumba kama yale hawatazami mtu, wanatazama koti. Ungekuwa na koti, Wakili, leo ungekuwa wewe unakohoa.

— Ninalo koti.

— Lenye panya.

— Panya alihama.

— Aliona aibu.

Moto alicheka, akamwongezea Mama Spea kahawa bila kuombwa. Wakili akajiweka sawa kama mtu anayefungua kesi upya.

— Si koti. Ni damu. Itazameni pua yake. Baba yake alikuwa na pua ya kulala. Kaka zake, pua za kulala. Yake peke yake imesimama kama ya sanamu. Mnadhani imetoka wapi? Imetoka humo ndani! Bibi yake alikuwa mpishi wa jumba.

— Bibi yake hakuwahi hata kuuona mji huu, alisema Pasi.

— Ndiyo maana hakuna aliyemshuku! Nawaambieni, Redio ni mrithi. Wanamrudishia nyumba yake kidogo kidogo, wasije wakazua maneno. Wameanza na kiti. Kesho watampa chumba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nyinyi wanaume mnatazama pua, alisema Mama Spea, mimi nasikiliza. Yasikilizeni hayo makofi. Anasema neno, pwaa! Anasema neno, pwaa! Chini ya kila pwaa kuna nini?

— Kuna nini?

— Kuna sururu.

— Sururu!

— Watu wako chini ya sakafu wanachimba. Mkoloni hakuondoka na vyake vyote, alikuwa na haraka. Kazi ya Redio ni kusimulia, wageni wapige makofi, sururu isisikike. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Sasa hapo uchi umeingiaje?

— Umeingia. Kunywa kahawa.

Moto alikuwa akikoleza makaa chini ya birika, na alipozungumza hakuinua kichwa.

— Mimi naona nyumba yenyewe ndiyo inayochagua. Inavuta. Birika likikaa upande wa ukuta linapoa, nikilihamishia upande wa barabara linachemka. Imemvuta Redio, itamvuta na mwingine. Hata mimi wameniita.

Mguu wa matofali ulisikika ukisagika.

— Wamekuita wewe? aliuliza Mama Spea.

— Yule binti wa jumba alikuja tena. Anasema Jumamosi niingize birika uani, wageni wapate kahawa.

— Ukamjibuje?

— Nikasema nitafikiri.

— Unafikiri nini, Moto? Kahawa hii tumeinywa na vumbi, na mvua, na moshi wa makaa yako mabichi!

— Wana kivuli, mama, alisema Moto kwa huzuni.

Pasi alikiweka kikombe chake chini. Asubuhi ile, kama kila asubuhi ya Jumamosi tangu mambo haya yaanze, alikuwa amelinyoosha shati lake zuri, kola, mikono, mpaka mgongo usioonekana na mtu. Dada yake alikuwa amempigia simu: "Kaka, nakuwekea nafasi karibu yangu, njoo hata leo tu." Naye alijibu kuwa ana kazi. Kisha alilivaa lile shati akaja kukaa kijiweni.

— Yule si Redio, alisema.

Wote wakamgeukia.

— Ni kanda. Walimrekodi siku ya kwanza, wakamrudisha nyumbani, na sasa wanamcheza tu. Ndiyo maana haji hapa. Ana aibu.

Wakili aliifikiria hoja hiyo kwa heshima.

— Kanda, alisema. Hilo lina mashiko.

Hapo kipaza sauti kikavuma, na sauti ya Redio ikavuka ukuta, pana na yenye furaha: "Kabla sijaendelea, nawasalimu wanakijiwe walio nyuma ya ukuta huu. Najua mnanisikia. Mama Spea, punguza sauti, wageni wanasikia habari za sururu."

Kicheko kikalipuka uani. Mama Spea alishika mdomo.

— Kanda gani hiyo inayonijua mimi? alisema, safari hii kwa kunong'ona.

Pasi aligeuza uso akautazama mlango uliozibwa. Kilichomuuma hakikuwa koti, wala makofi, wala hata kivuli. Kilichomuuma kilikuwa kinakuja sasa hivi, na alikuwa amekivalia shati.

Siku ile binti wa jumba alipokuja kijiweni, kabla nyumba haijafunguliwa, alikuja na mkoba begani na kalamu mkononi, na huko ndiko kulikokuwa kukosea kwake. Kijiwe kinajua watu wa mkoba na kalamu. Huja wakiuliza mambo ya zamani, na wakishajibiwa, benchi huhamishwa. Kwa hiyo alipowaamkia na kusema anatafuta watu wanaolijua jumba hili, walimjibu kwa kinywa kimoja.

— Jumba gani? alisema Wakili, kivuli cha jumba kikiwa kimemfunika mpaka magotini.

— Hili hapa mbele yenu, baba.

— Hatulijui. Sisi ni wapita njia.

Mama Spea, akiwa amezungukwa na minyororo na kengele za baiskeli zilizoota kutu palepale, alisema yeye mjini kaja jana. Binti akamgeukia Pasi.

— Na wewe, baba? Hukuwahi kuwa na ndugu aliyefanya kazi humu?

— Sikuwahi, alijibu Pasi. Mama yangu hakuwahi kufika huku.

Alijibu upesi na kwa sauti, kama anavyojibiwa askari, na wenzake wakatikisa vichwa kumsifu. Redio peke yake hakuwa amejibu. Alikuwa akijipindapinda, maana choo cha gereji walichokuwa wakiomba kilikuwa kimefungwa kufuli tangu asubuhi.

— Mna choo humo ndani, mwanangu? aliuliza.

— Tunacho, baba. Kipya.

Akaondoka naye. Wakamfunikia kikombe kwa mzaha, wakijua atarudi kahawa ikiwa bado ya moto. Alirudi jua linazama, uso uking'aa, akasema wana sabuni yenye harufu, wana maji mpaka ya kuchezea, na wamemwomba aje Jumamosi aseme chochote anachokumbuka. Hakuna aliyekifunua kile kikombe. Alisimama pale kidogo, akakitazama, akaenda zake nyumbani. Na Jumamosi alipopanda kusema, akasema ile ya shuka.

Hadithi ya shuka ilikuwa ya Pasi. Kila mtu wa benchi aliijua kama anavyojua njia ya kwao.

Sauti ya Redio ikashuka, kama anavyoshusha sauti mtu anayetaka wenzake wamwinamie. "Mama yangu," ilisema, "alikuwa dobi wa jumba hili."

— Mama yake! alisema Mama Spea. Wakili, umesikia? Andika hiyo.

— Mama mkwe ni mama, alisema Wakili. Kisheria, aliyeoa kaoa na vilivyomo. Ukipenda boga, penda na ua lake.

— Yule ni mama yangu, alisema Pasi. Alinizaa mimi. Na ua si hadithi.

— Na hadithi ni ya nani? aliuliza Moto taratibu.

Jibu lilikuwa linajulikana, na aliyelitunga alikuwa amekaa pale na shati lake lililonyooka. Zamani Redio alikuwa na hadithi nzuri ya mwizi aliyeiba baiskeli isiyo na mnyororo. Pasi aliichukua, akaenda nayo msibani, akaisimulia kama yake, watu wakasahau kulia. Redio aliponung'unika, Pasi ndiye aliyesimama akatoa hukumu: hadithi ikishanywewa kahawa ni ya kijiwe kizima. Wakili aliiunga mkono. Redio alicheka, akakubali, wala hakuinung'unikia tena.

"Wakati huo," iliendelea sauti, "dobi na mpishi walipita mlango wa nyuma. Mtoto wa dobi hakuruhusiwa kuuvuka. Alikaa kizingitini, miguu nje, macho ndani, akimngoja mama yake amalize."

Midomo ya Pasi ilikuwa inasema pamoja nayo, bila sauti.

"Siku hiyo kukatoka upepo. Shuka la kitanda kikubwa likachomoka kambani, likapanda juu, likavuka ukuta huu. Na kwenye barabara ndogo nje yake, gari la mgeni mkubwa wa serikali lilikuwa linapita. Shuka likamtua dereva kwenye kioo, fwaa!"

Uani watu wakaguna.

— Sasa anapiga kona, alinong'ona Mama Spea.

"Dereva akapiga kona asiyoiona. Gari likajigonga ukutani. Mgeni akashuka na nguo zake nyeupe, anatetemeka kwa hasira, askari wanakimbia huku na huku. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama akatoka, kikapu kichwani..."

— Beseni! alisema Pasi.

Alisema kwa nguvu hata kahawa ikamruka. Mama Spea alimpa kitambaa cha kufutia grisi, akakikataa.

— Wiki zote anasema kikapu, alisema Mama Spea. Na hapa kijiweni alikuwa anasema beseni. Nakumbuka vizuri.

— Sifa zinafuta ubongo, alisema Wakili.

— Nani anabeba nguo mbichi kwa kikapu? alisema Pasi. Nani? Maji yangemwagika usoni, mbele ya yule bwana, mbele ya askari wote. Mama yangu alitoka na uso mkavu! Lilikuwa beseni jeupe, lina ukingo wa buluu, limebonyea upande mmoja. Ninalo nyumbani. Anamfanya mama yangu mjinga mbele za watu, nao wanapiga makofi.

— Basi nenda ukamwambie, alisema Moto.

— Niende wapi?

— Humo.

— Mimi? Nilikwisha sema mama yangu hakufika huku. Niingie sasa niseme nini?

— Aliye juu mngoje chini, alisema Wakili kumfariji.

— Tumemngoja tangu masika, alisema Mama Spea, na hashuki.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja wa makamo, kavaa vizuri, viatu vya visigino kavishika mkononi na miguu imejaa vumbi. Alikuwa akiufuata ukuta, akiupapasa kwa kiganja kama mtu anayetafuta swichi gizani.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, walisema wote, wakajisogeza, ingawa hakuwa ameomba nafasi.

— Nimechelewa, na nimezunguka mpaka nimechoka. Nimeambiwa kuna mzee humu anasimulia habari za shuka. Mlango wa kuingilia uko wapi?

Watu hawa walikuwa wamelisema jumba hilo tangu asubuhi. Walijua lilikuwa na nani, lilichimbwa wapi, limerithiwa na pua ipi. Mama Spea aliitazama minyororo yake. Moto akapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

— Ule pale, alisema Wakili mwishowe, akaonyesha matofali.

— Pale pamezibwa, baba.

— Pamezibwa, ndiyo. Lakini kisheria ni mlango.

— Mnakaa hapa kila siku?

— Kila siku.

— Na hamjui mlango?

Alivyouliza hakuwa na dharau. Alikuwa anataka tu kujua, na hiyo ndiyo iliyowachoma. Kutoka nyuma ya ukuta kilikuja kicheko, kisha sauti: "Subirini, subirini, nirudi nyuma kidogo, kuna waliochelewa..."

— Akikusimulia atakwambia kikapu, Pasi alimwambia yule mama. Usikubali. Lilikuwa beseni.

— Wewe ulikuwepo, mzee?

Wakili alikohoa. Pasi aliutazama mlango uliozibwa, mahali ambapo kizingiti cha jiwe kilikuwa bado kimechomoza chini ya matofali, kimelika katikati.

— Nilikuwa pale, alisema.

Akasimama, akajipangusa suruali.

— Moto, kumebaki nini?

— Kikombe kimoja. Cha mwisho.

— Changu hicho, alisema Wakili. Mimi nilianza kuomba.

— Uliomba lini? alisema Mama Spea. Wanawake kwanza.

Pasi alikichukua kile kikombe kilichomeguka mdomo, akakigeuza. Chini yake ubao ulikuwa na duara safi, kotekote kukiwa na vumbi.

— Mimina humu.

— Haiwezekani! Wakili alinyanyuka. Kikombe cha asiyekuwepo hakifunuliwi mpaka mwenyewe arudi! Sheria hiyo uliikuta, hukuitunga wewe!

— Sheria inasema mwenyewe akifuate kikombe. Haikusema kikombe kisimfuate mwenyewe. Mimina, Moto.

Moto alimimina mpaka tone la mwisho, akaligonga birika tako. Mama Spea alikuwa akimtazama Pasi toka kwenye kola hadi kwenye mstari wa suruali, kama aliyeliona shati kwa mara ya kwanza.

— Unakwenda kwao, alisema. Umetuacha.

— Nampelekea shemeji yangu kahawa. Na ninamwonyesha mgeni njia.

— Njia yenyewe huijui!

— Nitaiuliza huko mbele.

Akatangulia, kikombe mbele kama mtu anayebeba taa penye upepo, na yule mama na viatu vyake nyuma. Walipoufikia mlango uliozibwa, miguu ya Pasi ilitaka kugeuka yenyewe. Ilisimama kabisa. Yule mama alidhani anapumzika, naye akapumzika. Kisha wakaendelea, wakakata kona, na barabara kuu ikawafungukia na miti yake na magari yake, na jumba likawaonyesha uso. Lilikuwa na ngazi pana, na mlango wa mbao wenye mabawa mawili, yote mawili wazi. Pasi aliutazama kwa wivu, kana kwamba ulikuwa umefunguliwa hivyo siku zote na yeye tu hakuambiwa.

Bawabu alisimama juu ya ngazi.

— Karibuni. Mama, pita. Mzee wangu, samahani, vinywaji vya nje haviingii.

— Hiki si changu. Kina mwenyewe, yumo ndani.

— Nani?

— Huyo anayesema.

— Haviingii, mzee. Sakafu imepigwa nta.

Yule mama alikuwa amekwisha ingia, akivaa viatu kwa kurukaruka. Pasi alitazama nyuma, kule kwenye kona. Alijijua. Akirudi kukirudisha kikombe, hatakuja tena. Ataketi, ataunyoosha mguu, na Jumamosi ijayo atapiga pasi shati jingine. Akakiinua kikombe akainywa kahawa ya Redio yote kwa mkupuo mmoja, ya moto vile vile, machozi yakamtoka.

— Kitupu kinaruhusiwa?

— Kitupu hakina neno, alisema bawabu, akampisha.

Ndani kulikuwa na ukumbi, na picha, na ubaridi wa kuta nene. Miaka yote alidhani ni safari ndefu toka mbele hadi nyuma. Kumbe ni mwendo wa mtu kukunja shuka. Akatokea uani, kwenye mwanga, watu wamejaa kwenye viti, na mbele yao, juu ya kigoda kirefu, Redio na koti lake. Mlango uliozibwa ulikuwa nyuma yake, na upande huu walikuwa wameutundikia shuka jeupe, kubwa, lililoshikwa kwa vibanio. Lilikuwa na mikunjo. Pasi aliona mikunjo kabla hajaona kitu kingine. Kisha akamwona dada yake, mstari wa mbele, na mkoba wake umekalia kiti cha pembeni.

"...na Mama akamwendea yule mkubwa," alikuwa akisema Redio, "kikapu kichwani, wala hakuinama, akamwambia, Bwana, umekanyaga shuka langu..."

— Beseni! alisema Pasi.

Ua mzima uligeuka. Dada yake peke yake hakugeuka. Alinyoosha mkono tu akauondoa mkoba kwenye kiti.

Redio alikinga macho kwa kiganja.

— Nani huyo?

— Mimi.

— Wewe nani, mzee? Wageni wanataka kujua.

— Mtoto wake. Wa kizingitini. Lilikuwa beseni.

— Beseni basi, alisema Redio upesi, kama mtu aliyekuwa na neno hilo shavuni wakati wote. Hata mimi nashukuru. Wiki zote hizi nimebeba kikapu mpaka shingo inaniuma.

Watu walicheka. Pasi alimtazama shemeji yake kwa muda, na shemeji yake akamtazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutabasamu. Kisha macho ya Redio yakateremka mpaka mkononi.

— Hicho si kikombe changu?

— Ndicho.

— Umekifunua?

— Nimekifunua.

— Sasa, alisema Redio, akiinamia kipaza sauti ili mtu asipitwe, kahawa yangu iko wapi?

Swali likaruka shuka, likaruka mlango uliozibwa, likatua kijiweni, na kutoka huko nyuma ya ukuta kikaja kicheko cha Mama Spea, kirefu, kisicho na adabu. Wageni wakangoja jibu. Pasi aliinamisha kichwa akatazama ndani ya kikombe, akayachunguza machicha moja moja.